Siku Themanini na Nane za Chabu

Nchelenge,
Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1956

Yaya Lackson, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mke wako na hao watoto wawili ambao sijawaona. Natumaini kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa, na kwamba huko Elisabethville mmepewa nyumba isiyovuja. Sisi huku kwa miili hatujambo. Babu Mwansa anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anatega nyavu zake mwenyewe kule kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa, na bado anawatukana wanaomwambia apumzike. Mjomba Mulenga, ninayekaa kwake hapa Nchelenge, ni mzima, na ndiye atakayeibeba barua hii mpaka ng'ambo, Kasenga, na kumpa dereva wa lori la samaki. Kiswahili anakisema sokoni tu, kukisoma hawezi, ndiyo sababu nakuandikia kwa lugha tuliyosomea Pweto wakati baba yu hai. Na mimi ni mzima, ila nina hasira. Ukiona mahali kalamu ilipotoboa karatasi, usidhani ni panya.

Unajua kwamba bibi yetu Chabu alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano, kazini wakakunyima ruhusa ya kuja kumzika. Kuna jambo sikukuandikia wakati ule. Wazee wa ukoo walinichagua mimi nirithi jina lake. Nilikalishwa mkekani palepale Kilwa, nikafungwa ushanga mweupe mkononi, wakatangaza mbele ya watu wote kwamba Chabu hakuondoka, Chabu ndiye huyu. Kwa hiyo mama zetu wadogo sasa wananiita mama, na wewe uliyenibeba mgongoni ni mjukuu wangu, utake usitake. Babu naye ananiita mke wangu, ananiuliza mbele ya wageni kwa nini sijampikia, watu wanacheka, nami namjibu kwamba mume asiyeleta samaki hapikiwi. Huu ni utani wa babu na mjukuu, umeujua tangu utotoni. Ukumbuke tu hapo, kwa sababu kuna mtu hakuujua.

Sasa nikueleze kuhusu shule. Darasa la sita tupo wanafunzi thelathini na mmoja, wasichana watatu tu. Mtihani ni Jumatatu hii. Atakayefaulu atapata cheti, na msichana mwenye cheti anaweza kupokewa kozi ya ualimu, jambo ninalolitaka kuliko chakula. Lakini shule yetu ina sheria ya mahudhurio: mwanafunzi asiyetimiza siku mia na sitini katika rejista hawekwi katika orodha ya mtihani, hata awe na akili za namna gani. Mimi sheria hiyo haikunitisha. Nimekwenda shule na homa. Nimekwenda shule mvua ikinyesha kiasi cha kufuta barabara, nimebeba viatu kichwani ndani ya sufuria. Siku nilizokosa mwaka huu ni zile za msiba peke yake.

Jumanne ya wiki iliyopita akaja menija wa shule, yule mzungu mrefu wa misheni, kukagua rejista na kuandika majina ya watahiniwa. Aliketi mezani kwa mwalimu, akashuka na kidole chake mstari kwa mstari. Alipomaliza, karani wake akasoma orodha. Jina langu halikuwamo. Nilisimama na kuuliza, ingawa wasichana hatusimami ovyo, nikaambiwa nisogee nione mwenyewe.

Nikaona, Yaya. Juu kabisa ya rejista kulikuwa na Mwila, jina langu la utoto, mwenye siku sabini na nane kuanzia Januari, kisha mstari mwekundu na neno moja, ameacha. Chini kabisa ya ukurasa, baada ya mvulana wa mwisho, kulikuwa na Chabu, mwanafunzi mpya aliyeanza mwezi wa sita, mwenye siku themanini na nane. Menija akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba Mwila aliacha shule kabla ya nusu ya mwaka, na huyo Chabu hana cheti cha ubatizo wala barua ya kuhamia, tena hakutimiza siku. Wote wawili hawawezi kufanya mtihani. Nikamwambia wote wawili ndio mimi. Nikamwambia ajumlishe, sabini na nane na themanini na nane ni mia na sitini na sita, zinazidi sita. Akasema hesabu yangu ni sahihi, lakini siku za mtu mmoja hazikopeshwi kwa mwingine.

Mtu mwingine yupi? Siku themanini na nane za Chabu nilizifanya kwa miguu hii hii. Nilimtazama mwalimu wetu Sampa, maana rejista ni yake na mwandiko ni wake. Mtu mzima, amesoma, amefundishwa ualimu, anajua kabisa kwamba misheni inahesabu watu kwa karatasi, halafu anachukua kalamu na kunikata vipande viwili kama samaki wa kuanikwa. Huyo Sampa ni wa kwetu, ni mwana wa mdogo wake bibi, ndiyo maana nilimchukia mara mbili. Alisimama dirishani, ameinamisha kichwa.

Nyumbani mjomba hakusikitika hata dakika moja. Wewe unamjua, akikasirika huacha Kibemba na kuingia Kiswahili cha Kasenga. Akasema, weye mutoto, masomo yako ilishakwisha, utaenda ku Kilwa kukala mu nyumba ya Chabu, mashamba yake inakaa bule. Kisha akasema kwa Kibemba, kwa utulivu, kwamba jina si ushanga wa kuvaa sikukuu, jina lina jiko na shamba, na aliyelirithi alitunze. Alikuwa ameningojea. Tangu msiba alikuwa akiningojea, na sasa menija amemfungulia mlango. Nilimjibu vibaya, sitakuandikia nilichosema, na mkewe akanitoa nje.

Babu alipopata habari, alivuka ziwa Alhamisi asubuhi bila kuitwa. Alikuja amevaa koti lile la baba, akaenda moja kwa moja mpaka ofisini kwa menija, mimi nyuma yake. Nilifurahi, nikadhani sasa mambo yatanyooka, kwa sababu nani atakayembishia mzee yule? Akapiga makofi ya heshima, akaketi, akasema kupitia kwa karani kwamba amekuja kutoa ushahidi. Akasema huyu ni Chabu, ni mke wake, na anathibitisha kwamba mke wake tangu amrudie mwezi wa sita hajakosa shule hata siku moja, na kama bwana ana shaka aulize kisiwa kizima.

Karani, ambaye ni mtu wa mbali, wa miji ya reli, asiyejua utani wetu, alitafsiri kama alivyosikia. Menija akawa mwekundu hadi masikioni. Akamtazama babu, akanitazama mimi, akafungua kitabu kingine na kusema kwamba kuna sheria nyingine ambayo alikuwa hajaifikia, kwamba msichana aliyeolewa hasomi katika shule hii kabisa. Babu alipoelezwa alicheka sana, akasema ndiyo, ameoa vizuri, ila chakula hapewi. Nilitamani ardhi ipasuke. Ilibidi niseme mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, kwamba huyu ni baba wa mama yangu, kwamba huu ni mchezo wa maneno wa babu na mjukuu, na kwamba aliyekuwa mke wake amelala makaburini Kilwa. Menija akasema haoni la kuchekesha. Hata mimi siku hiyo sikuliona.

Ijumaa na Jumamosi sikula. Jumatatu nikaitwa tena, safari hii pamoja na mwalimu Sampa. Menija alikuwa ameandika karatasi kwa mashine. Akanisomea polepole, karani akatafsiri ingawa nilishaelewa. Karatasi ilisema kwamba mimi ni Mwila na sijawahi kuwa mtu mwingine, kwamba mambo ya kurithi majina ya wafu nimeyaacha, na kwamba mwalimu ndiye aliyebadili jina langu katika rejista kwa hiari yake, bila kuombwa na mwanafunzi. Nikiitia sahihi, siku zangu zitajumlishwa na nitaingia katika orodha. Akamgeukia Sampa na kumuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Sampa akasema ndivyo, kosa ni lake peke yake, aliandika kwa akili yake. Mimi nikatia sahihi. Nikapewa namba ya mtihani, ni ishirini na tisa.

Hapa ningeweza kuikunja barua, Yaya, nikuombe uniombee nifaulu, nawe ungesema mdogo wangu amepambana na wazungu na wajomba na ameshinda. Lakini nimeshasoma nilichoandika na kimenichukiza. Hasira yote niliyomwaga hapo juu nimeimwaga kwa watu wasiostahili hata nusu yake. Nilikuandikia kwamba Sampa alichukua kalamu. Sikukuandikia nani aliyemwambia aichukue.

Ni mimi. Siku niliyorudi kutoka msibani, na ushanga wangu mkononi, Sampa alipoita majina asubuhi aliita Mwila, nami sikuitika. Akaita mara ya pili, wavulana wakageuka kunitazama. Baada ya masomo nilimfuata, nikamwambia kwamba Chabu alikuwa dada mkubwa wa mama yake, kwa hiyo mimi ni mama yake, na mtoto hamwiti mama yake kwa jina la utoto mbele ya wavulana ishirini na wanane. Alijaribu kunieleza. Alisema nyumbani ataniita mama, atanipigia makofi, lakini rejista ni ya misheni na haijui mikeka yetu. Nikamwambia simwombi, namwagiza. Nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nimekaa mkekani siku tatu tu. Nawe unajua kwamba mtu wa kwetu hawezi kumkatalia mama yake aliyesema hivyo. Akafungua rejista, akachora mstari mwekundu, akaandika Chabu chini kabisa ya ukurasa. Mimi nilisimama pale nikifurahi. Nilifurahi pia kwamba kuanzia siku ile hakuweza kunichapa fimbo nikichelewa, maana nani anamchapa mama yake, na nilichelewa mara nyingi makusudi kuona kama ataweza.

Ofisini Jumatatu alinifunika, kama mtoto anavyomfunika mama aliyekosea. Nami niliona menija akiandika jina lake kwenye karatasi nyingine, nikaona, nikanyamaza, nikaishika namba yangu ya ishirini na tisa. Ameondolewa kazini. Si kwa mwezi, wala si kwenda shule nyingine. Ameondolewa kabisa, kwa kuharibu rejista na kueneza ushenzi shuleni. Mkewe ana mimba ya miezi saba.

Juzi Jumatano walipita mbele ya nyumba ya mjomba wakielekea Kafutuma kwa wazazi wake, sanduku limefungwa kwenye baiskeli, mke anatembea nyuma. Nilikuwa nje natwanga. Nilitaka kukimbilia ndani. Lakini Sampa aliegemeza baiskeli kwenye ua, akaja, akachuchumaa mbele yangu na kupiga makofi ya heshima, akasema mama Chabu, sisi tunaondoka, tukuage. Hakuwa na kejeli. Yaya, kejeli ningeivumilia. Mimi niliyetia sahihi kwamba sijawahi kuwa Chabu nilisimama na mchi mkononi, na sikuweza kumwitikia, kwa sababu mama aliyemuaga nilikuwa nimeshamkana kwa karatasi yenye mhuri.

Basi sikiliza nilichoamua. Jumatatu mtihani unaanza saa mbili. Menija atakuwepo kugawa karatasi. Nitakwenda saa moja, nimwambie kwa Kiingereza, bila karani, kwamba Sampa aliombwa, tena aliagizwa, na kwamba aliyemwagiza ni mimi. Nitamwambia anirudishie ile sahihi. Najua atakachofanya. Atafuta namba ishirini na tisa, na mjomba ataiandaa mashua kabla ya jua kuzama, na kozi ya ualimu wataisoma wale wasichana wawili. Nalilia jambo hilo sasa hivi ninapoandika, sitakudanganya. Nilistahili mtihani ule, siku zangu zilitimia. Bado nina hasira na kidole cha yule mzungu kinachojua kuhesabu siku na hakijui kuhesabu mtu. Lakini kama ni lazima nihesabiwe mara moja tu, afadhali nihesabiwe na Sampa.

Barua hii nampa mjomba leo, naye anavuka kesho alfajiri. Nimefanya hivyo makusudi. Ikishafika kwenye lori, na wewe ukijua, sitaweza kuamka Jumatatu na kujifanya nimesahau. Kwa hiyo usiitupe. Na kama neno lako linasikika huko, mtafutie Sampa kazi ya kuandika, ofisini au dukani, maana mwandiko wake ni mzuri, nimeuona kwa karibu.

Msalimie mke wako, mwambie kitambaa alichonitumia nitakishona nikifika Kilwa, huko nitakuwa na nafasi. Wabusu watoto, wafundishe kuniita kama inavyopasa. Babu anakusalimu na anasema umletee tumbaku. Mungu awalinde ninyi nyote, na kifua chako kipone.

Bibi yako, niliye bado mdogo wako,

Chabu Mwila