Walikuja Wakisukuma Pikipiki

Jumatatu. Baridi ya Juni, ile ya kukufanya uongee mdomo ukiwa ndani ya kitenge. Upepo unatikisa mabati ya duka tangu asubuhi. Umeme upo, nashukuru.

Nisameheni kwa kukaa kimya muda wote huu. Mara ya mwisho niliandika kwenye shajara hii ya mtandaoni kwamba Baba anaumwa na kwamba natafuta wazee waliokuwa wakiendesha naye pikipiki, halafu nikapotea. Wengine mmeuliza hapo chini kama mzee bado yupo. Yupo. Aliyepotea ni mimi. Mwanangu Deo anaota meno, halali wala halazi. Na hii kompyuta ni ya dukani ninapofanya kazi; nikikaa tu, anaingia mtu anataka kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Kila siku nikawa najiambia nitaandika kesho.

Leo tajiri yangu kaenda shambani Mollo. Deo kalala ndani ya boksi la karatasi, nimemfunika sweta langu. Naandika kabla hajageuka.

Kwa aliyefika hapa leo: Baba yangu ni mtu wa pikipiki. Siyo bodaboda hawa wa stendi. Yeye alianza pale biashara ilipofunguliwa, rafu za duka la ushirika zikabaki na vumbi, kila mtu akaanza kujitafutia. Alinunua pikipiki kuukuu, akawa anateremka bondeni Ilemba na sabuni na mitumba, anapanda na samaki wa Ziwa Rukwa. Walikuwa watatu. Baba, Mzee Kasian wa Pito ambaye ni mkulima na mtu wa maneno machache, na Mzee Masanja, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani, na ambaye maneno yake hayajawahi kuwa machache.

Sare yangu ya shule ilinuka samaki. Wenzangu walinicheka, lakini ada ilikuwa inalipwa.

Halafu malori yakaja, pikipiki mpya zikajaa, bei ya samaki ikawa haieleweki. Mzee Masanja akahamia Mpanda. Mzee Kasian akarudi kwenye mahindi yake. Pito siyo mbali na kwetu, lakini ukishaacha kupita njia ya mtu, anakuwa mbali. Na Baba alipoanza kuumwa, akanikataza kabisa kuwaambia.

"Sitaki waione shingo yangu," alisema.

Ni koo. Ugali ulianza kumkwama, ukafuata wali, sasa hata uji wa ulezi naupitisha kwenye chujio la chai. Daktari wa hapa Sumbawanga alituambia wazi ni kansa, na kwamba inabidi afike hospitali kubwa Mbeya, wamfanyie operesheni wakati bado ana nguvu ya kuibeba. Akasisitiza hapo kwenye neno wakati.

Baba akakataa. Alisema hataki kwenda kufia kwenye vumbi la barabara ya Tunduma. Mama angekuwa hai angemwamrisha tu. Mama hayupo. Nilibembeleza, nikalia, nikanuna, nikamnyima redio. Hakuna kilichosaidia. Kila wiki nilikuwa naongeza tundu jipya kwenye mkanda wa suruali yake.

Ndiyo nikaandika hapa bila ruhusa yake.

Binti wa Mzee Masanja alisoma akiwa kazini kwake Mpanda, akamsomea baba yake. Mzee akanipigia siku hiyo hiyo, anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Nikamweleza kwamba Baba amekataa kwenda Mbeya. Akasema Jumamosi atakuja, atampitia Kasian. Mimi, kwa uchovu wangu, nikamwambia, "Sawa Mzee, ila naomba msije na makelele. Mgonjwa hulala mchana, na mtoto pia."

Hayo maneno yangu ndiyo yaliyotaka kuharibu kila kitu.

Jumamosi Baba alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta wa upande wa jua, blanketi hadi kidevuni. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia matairi yanakanyaga kokoto na cheni zinagongagonga, lakini sikusikia injini.

Lazima nieleze. Watu wa ile njia ya bondeni walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifiwa, hawafiki kwake wakiunguruma. Wanazima pikipiki zote pale kwenye kona, wanashuka, wanasukuma mpaka mlangoni. Mama alipofariki nilikuwa mdogo, lakini ninachokumbuka kuliko hata kilio ni ile sauti ya pikipiki nyingi zinazosukumwa. Kwa hiyo nilijua. Ila nilipomwambia Mzee Masanja asipige kelele haikunijia kabisa kwamba watu wale wanajua namna moja tu ya kuingia kwa mtu kimya kimya.

"Imelda!" Baba aliita. "Imelda, nani kafa?"

"Hakuna, Baba."

"Mbona wanasukuma?"

Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Walikuwa wameshakata kona, Mzee Masanja mbele na jaketi lake kubwa, Mzee Kasian nyuma yake, wamekunja nyuso kwa ile heshima ya msibani. Baba alikuwa anajaribu kusimama, mkono mmoja ukutani. Sauti yake siku hizi ni kama ya mtu anayenong'ona kupitia gunia, lakini walimsikia.

"Mmewahi," akawaambia. "Bado napumua."

Sijawahi kuona wazee wawili wakiishiwa nguvu namna ile. Mzee Kasian aliangalia pikipiki yake kama yeye ndiye mwenye kosa. Mzee Masanja akaninyooshea kidole bila aibu.

"Binti yako katuambia tusipige kelele!"

"Rudini barabarani," Baba akasema. "Rudini kule mkapige kiki, ziwake, mje kama watu. Kwangu haingii mtu anasukuma."

Na wakarudi. Wazee wazima, mmoja kasafiri kutoka Mpanda, wamegeuza pikipiki wanasukuma kuelekea barabarani, hata shikamoo yangu hawajaiitikia. Ya Masanja ikawaka mara moja. Ya Kasian ikagoma. Baba pale ukutani akaanza kutikisa kichwa, "Kashikilia klachi, huyo. Miaka yote anashikilia klachi." Ikawaka. Wakaingia wanaunguruma hadi mlangoni, kuku wakakimbilia chini ya ghala, jirani yetu akatoka na ungo wake wa maharage kuja kuona kuna nini, na Deo akaamka analia kwa hasira zote za dunia.

Baba alikuwa anacheka.

Kucheka kunamuumiza, lakini aliendelea. Nilisimama pale mtoto kifuani, nikashindwa kumgombeza mtu.

"Sasa shikamoo, wazee wangu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Na siku nyingine ukitaka kimya, ita mapadri."

Huyo ni Masanja. Akakaa chini karibu na Baba, akamwangalia shingoni waziwazi, hakujifanya haoni. "Oswadi, umekonda kuliko ndama wa kiangazi."

"Na wewe umenenepa kama mwenye ndama."

"Ninao, lakini siyo wangu wote."

Mambo yakawa hivyo mpaka chakula kikawa tayari. Nilikuwa nimesonga ugali wa ulezi na kuchemsha samaki wakavu wa Ilemba, kwa makusudi kabisa, nikijua harufu ile itawafurahisha. Nikawanawisha. Baba nikampa kikombe chake cha uji. Nikasali, nikawakaribisha.

Hawakugusa.

Nilidhani wanamwonea Baba haya kwa sababu yeye hawezi kula. Nikawakaribisha tena. Mzee Kasian akakunja mikono yake iliyonawa, akaiweka magotini.

"Bado mmoja hajafika," Mzee Masanja akasema.

"Nani tena?" Baba akauliza. "Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Kama siku zote."

Nikaona uso wa Baba unabadilika. Mimi ilinichukua muda zaidi kuelewa kwamba ambaye hajafika ni yeye. Ule mteremko wa kwenda bondeni ni mbaya, kona juu ya kona, na kokoto zinazoteleza chini ya tairi. Walikuwa wakishuka wameachana ili mmoja akianguka asiwaangukie wenzake. Wa kwanza akifika chini anazima injini na kusikiliza. Na hakuna kula, hata kama mna njaa ya tangu jana, mpaka mlio wa mwisho usikike. Baba alinisimulia hilo nikiwa mtoto wa kubebwa kwenye tangi. Nilidhani ni hadithi tu ya kunifanya nisubiri wenzangu mezani.

"Kuleni," Baba akasema.

"Hatuli."

"Mtoto kapika kwa shida, ana kichanga kifuani."

"Tunamwona. Atatusamehe."

Ugali ukaanza kupoa. Nilitamani kuondoka nikashindwa.

"Masanja, mimi hata maji yananishinda," Baba akasema, na hapo hakuwa anatania tena. "Nitafika vipi Mbeya?"

Aliyejibu ni Mzee Kasian. Nadhani hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu anawe.

"Uliwahi kufika Ilemba bila breki."

"Ule ulikuwa mteremko, Kasian. Wa kushuka hauhitaji nguvu."

"Basi huu mlima tutaupanda na wewe."

Baba akaangalia ule ugali. Akaniangalia mimi, akamwangalia Deo, ambaye alikuwa amenyamaza na kushika mkufu wangu kwa meno yake mawili.

"Ijumaa," akasema.

Mzee Masanja akamega tonge kubwa la kutosha watu wawili.

Nitaandika ukweli kwa sababu shajara ndiyo kazi yake. Niliingia jikoni nikalia, na siyo furaha peke yake iliyoniliza. Nimemwogesha, nimemchujia uji, nimemwomba kwa machozi, hakunisikia. Wakaja watu wawili wenye kunuka petroli, wakajinyima ugali, akasikia. Sina wivu. Kidogo ninao. Lakini nimeelewa kitu: mimi nilikuwa namwambia aende. Wao walimwambia wanamsubiri.

Jana, baada ya misa, Baba akataka nifungue stoo na kutoa magunia juu ya pikipiki yake. Akaomba nimpe Deo ampakate, ili mimi nipige kiki. Maisha yangu yote hajawahi kuniruhusu kuigusa hiyo kiki. Nikavua viatu, nikapanda.

"Usiikanyage kama unaua nyoka," akasema. "Iombe kwanza, halafu ishtue."

Niliiomba, nikaishtua, mpaka mguu ukafa ganzi. Haikuwaka. Akaniambia nifungue plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, nimwonyeshe. Akaigeuza kwenye mwanga, akainusa, akanirudishia. Imekufa.

Mpango uko hivi. Ijumaa asubuhi tunatoka na pikapu ya shemeji yake Mzee Masanja, Baba amelala nyuma kwenye godoro, mimi na Deo pembeni yake. Mzee Masanja ameshatangulia Mbeya leo, ili siku tukifika tumkute mlangoni anasikiliza. Mzee Kasian atatangulia mbele ya gari hadi Laela, akiwa juu ya pikipiki ya Baba. Hilo Baba mwenyewe ndiye aliyeliomba.

Sijui kama tutarudi wote niliowataja. Nimeliandika ili nisilibebe peke yangu. Nitaweza kuwa imara hospitali, na maziwa yasikauke, na nisigombane na manesi? Deo anageuka kwenye boksi, kwa hiyo naenda kwenye mliloniuliza: tukusaidie nini.

Bado sina hivi.

Watu wa kuchangia damu, walioko Mbeya, wazima, wasioogopa sindano.

Blanketi zito. Lililopo ni la Baba, na mimi na Deo tunalala chini.

Chupa ya chai yenye mdomo mpana. Ya mdomo mwembamba inakwamisha uji, na mambo ya kukwama tumeyachoka.

Mwenyeji wa karibu na hospitali mwenye jiko la kunichemshia uji. Kulala si lazima.

Koti la Baba la ngozi, lenye kiraka cha kijani mgongoni. Uliyeliazima unajijua. Hatuna ugomvi. Mpe kondakta yeyote wa basi la Sumbawanga, nitalipokea stendi.

Na plagi ya pikipiki yake, ile ya zamani yenye shingo ndefu. Hapa mjini nimezunguka, zimejaa za pikipiki mpya, haziingii. Mpanda huenda zipo. Hayo mengine yakichelewa nitajua la kufanya, lakini plagi ifike kabla ya Ijumaa, tafadhalini. Baba anataka tukitoka pale nyumbani mtaa mzima usikie injini, asije mtu akadhani tunasukuma.