Redio ya Upepo ya Runazi

Jumatatu, 6 Mei
Chanjo hapa zahanati tangu asubuhi. Akina mama wengi, mabenchi hayakutosha. Mama Veneranda, mhudumu wetu, kafagia, kachemsha vifaa, kisha kama kawaida yake kaingia chumba cha redio ya upepo. "Runazi hapa. Pastori, unanipata?" Huyo Pastori ni mhudumu wa zahanati ya bondeni huko Ngara, simu haishiki kwao. Vituo vingine vilishazima redio zamani. Wamebaki wao wawili. Wanaulizana mvua, maharage, magoti. Miaka yote hiyo hawajawahi kuonana.

Jumatano, 8 Mei
Fundi wa wilaya kaja kukagua umeme. Sola haitoshi. Redio na betri zake zilizochoka zinatunyonya, na chumba chake ndicho pekee kinachofaa kwa watoto njiti. Vyote vitoke. Atarudi Jumatatu kuving'oa.
Nimemwambia Mama Veneranda. "Sawa, Sista. Nitamuaga Jumapili, nikitoka misa." Basi. Hakulalamika. Bora angelalamika.

Ijumaa, 10 Mei
Siku mbaya. Mama kutoka Nemba kajifungua kabla ya miezi yake. Mtoto hakulia. Mawingu mazito, umeme hafifu. Mashine ya oksijeni ikapiga kelele, ikazima. Nikawa nampulizia mtoto hewa kwa mfuko wa mkono huku nikipaza sauti: zimeni redio, ng'oeni nyaya!
Mama Veneranda alikuwa katikati ya mazungumzo. Nilimsikia Pastori anacheka. Kisha kimya. Kazing'oa nyaya mwenyewe, kwa nguvu, zikakatika.
Mashine ikawaka. Mtoto anapumua.

Jumatatu, 13 Mei
Fundi kaondoa kila kitu. Mlingoti wa redio umelala uani. Chumba kumbe kikubwa.
Nimejaribu kumpelekea Pastori habari kupitia wilayani. Sijui kama imefika. Mama Veneranda hakugusa ugali wake mchana. "Nimemkatia katikati ya neno, Sista." Sijutii. Lakini nina huzuni.

Alhamisi, 16 Mei
Bodaboda kasimama getini. Mzee mrefu kashuka, koti jeusi, mkungu wa ndizi mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Msibani kwa Veneranda ni wapi?"
Habari haikumfika. Alisikia redio inakatika, siku zikapita, akajua mwenzake kafa.
Nikamwongoza uani. Mama Veneranda alikuwa anafua mashuka, katupa mgongo. Mzee akaanza kuniuliza tena. Mama akaacha kufua. Hata hakugeuka.
"Pastori, nani kakwambia nimekufa?"
Mzee akakaa chini palepale, kwenye nyasi. Akalia waziwazi. Mama naye. Kisha mzee akamtazama vizuri: "Kumbe u mfupi hivi!" Wakacheka mpaka wagonjwa wakatoka kuchungulia.
Nimejifungia chumba cha dawa. Nimelia na mimi.

Jumapili, 19 Mei
Mvua ndogo. Mtoto wa Nemba kanyonya mwenyewe kwa mara ya kwanza, polepole, akipumzika. Mama yake hataki hata tukohoe.
Mama Veneranda kaomba ruhusa ya siku mbili. Kaenda Ngara, mke wa Pastori naye anataka kumwona. Nimefagia mimi.
Wodi imetulia. Nimekunywa chai nikiwa nimekaa.