Mume Wangu Kagongana na Mdogo Wangu Kwenye Kona, na Shahidi ni Mimi

Shangazi mpendwa,

Nakuomba unisome mpaka mwisho, maana hapa nilipo hata kukaa kitako siwezi, naandika nimesimama jikoni, vyombo nimeviosha vikiwa safi na nimevirudia tena, nikisikia geti linafunguliwa nashtuka kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mume wangu ni fundi magari, siku za kazi anatengeneza magari ya watu kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba yetu, na siku za mashindano anaingia uwanjani kukimbiza gari lake mwenyewe, na mdogo wangu wa kiume naye ni dereva wa mashindano, tunamwita Kifaranga kwa sababu tangu aje kukaa kwetu alikuwa akimfuata mume wangu nyuma nyuma kila aendako, na aliyemfundisha kukimbiza gari ni huyo huyo shemeji yake. Mimi nisiyeweza hata kuendesha baiskeli nilijitolea kuwa mshika bendera, kazi yangu ni kusimama kwenye kona, likitokea la kutokea napunga bendera ya njano ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Nyumba yetu ilikuwa harufu ya oili na ubishi wa breki asubuhi hadi jioni, na Shangazi, tulikuwa na furaha.

Sasa mashindano yaliyopita nilipangiwa kona ya tangi la maji, kona kali ambayo dereva lazima apunguze sana ndipo akate. Ujue kwamba siku za mazoezi mume wangu ana desturi yake pale, akifika akiwa mbele ya Kifaranga anaacha upenyo upande wa ndani, makusudi, ili mwanafunzi wake ajifunze kupita, na wakishuka wanacheka, mume wangu anamwambia, "Leo umeingia vizuri, shemeji." Nimeyaona hayo mpaka nimeyazoea. Basi siku ya mashindano mume wangu anaongoza, Kifaranga wa pili, mizunguko inakaribia kwisha, wakafika kona ile na Kifaranga akachomekea upande wa ndani vile vile kama siku zote, lakini safari hii upenyo haukuachwa, mume wangu alikata kona yake, magari yakagongana mbele ya macho yangu, la mume wangu likaishia kwenye lundo la matairi na la Kifaranga likalala ubavu. Nilipunga bendera huku nalia. Mume wangu alitoka mzima. Kifaranga amevunjika mfupa wa bega.

Tangu hapo hawasemezani. Mdogo wangu amelala sebuleni mkono umefungwa shingoni, mama yetu amekuja kumuuguza, mume wangu anakula chakula chake gereji akiwa amekalia tairi, na mimi ndiye napeleka maneno kama posta. Mume wangu ananiambia, "Mwambie mdogo wako anayepita ndiye anayebeba mzigo. Gurudumu lake la mbele halikufika hata kwenye mlango wangu. Alitaka nimpishe kama bibi harusi?" Nikirudi sebuleni Kifaranga anasema, "Dada, pale huwa ananiachia. Siku zote ananiachia. Mimi nimeingia pale pale aliponifundisha kuingia." Na mama, akikoroga uji, haniangalii, anasema, "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Mume mtu anapata mwingine."

Jumamosi waamuzi wa mashindano wanakaa. Atakayeonekana mkosaji atafungiwa msimu mzima, na kamera ya uwanja ilikuwa imeelekea kwingine, kwa hiyo wamesema watanisikiliza mimi kwanza, niliyekuwa karibu kuliko wote. Mdogo wangu akifungiwa, timu iliyokuwa ikimtaka itachukua mtu mwingine. Mume wangu akifungiwa, kwa umri wake sidhani kama atarudi tena uwanjani.

Nilichokiona ni hiki, na sijamwambia mtu. Ni kweli Kifaranga alichelewa, gurudumu lake la mbele lilikuwa limefika usawa wa gurudumu la nyuma la mume wangu, si zaidi. Lakini kabla mume wangu hajakata, niliona helmeti yake ikigeukia kioo cha upande wa ndani, ikatulia, ikarudi mbele, ndipo akakata. Upande ule hakukuwa na mtu mwingine wa kutazamwa.

Nani mwenye kosa, Shangazi? Na mimi niseme nini mbele ya wale waamuzi? Usiku nageuka huku na huku, mwenzangu amelala kando yangu, naye najua halali.

Mimi, Mshika Bendera

*

Mwanangu Mshika Bendera,

Kwanza kaa chini. Vyombo vimeshatakata.

Pole kwa bega la mdogo wako na pole kwa hofu uliyoipata pale konani, hakuna mwanamke anayestahili kupunga bendera kwa ajili ya watu wake wawili kwa mkupuo. Mimi nikipanda gari nafumba macho, wala sijifanyi mjuzi. Lakini nimewauliza wanaoijua michezo hiyo, na wote wamenipa jibu moja: anayetaka kupita lazima awe amefika ubavuni mwa mwenzake kabla ya kona. Hajafika, arudi nyuma, atajaribu kona nyingine. Aliye mbele ana haki na njia yake, ila haki hiyo haimpi ruhusa ya kumgeuzia gari mtu aliyemwona yupo.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni la Kifaranga, na umwambie nimesema mimi. Alipewa hisani siku za mazoezi, akaigeuza haki. Siku ya mashindano hakuna anayekuachia kitu, hata awe amekulea. Lakini mumeo naye asinawe mikono. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Amemzoesha mtu mlango ulio wazi msimu baada ya msimu, na sijaona popote kwenye barua yako kwamba aliwahi kumwambia, "Shemeji, siku ya mashindano hapa nitafunga."

Na wewe usidhani umepona. Nani alikuajiri utarishi? Sebule na gereji ni hatua chache, na wote wawili wana midomo. Kila unapobeba neno la huyu kwenda kwa yule, unawapunguzia kazi ya kutazamana usoni. Acha leo. Atakayekuambia "mwambie," mjibu, "Mlango ule pale." Mama yako mheshimu, mpe chakula, mtandikie kitanda, lakini ushahidi si wa ukoo, na kama mume anapatikana kirahisi namna hiyo mwambie akutajie duka.

Sasa Jumamosi. Wewe si hakimu. Ukiulizwa nani mwenye kosa, jibu kwamba hujui kuhukumu, unajua kusimulia. Anza kwa kuwaambia waamuzi kwamba mmoja ni mumeo na mwingine ni nduguyo, wasije wakalisikia kwa mtu mwingine. Kisha sema gurudumu lilikuwa wapi na helmeti iligeuka vipi. Yote mawili. Ukificha la gurudumu umemuuza mumeo, ukificha la kioo umemuuza mdogo wako, na vyovyote vile utaishi na yule uliyemuuza. Na usiwavizie: waambie wote wawili, wakiwa chumba kimoja, yale utakayoyasema, kabla ya siku yenyewe.

Lakini waamuzi sio wanaokunyima usingizi, mwanangu. Nimesoma kila neno la mumeo uliloniandikia. Anazungumzia gurudumu, anazungumzia nani abebe mzigo, na hakuna mahali amesema kama alimwona au hakumwona. Wewe pengo hilo umelisikia siku zote hizi, ndiyo maana huwezi kukaa.

Basi kabla ya kuzungumza na yeyote, nenda gereji. Usipeleke chakula, usipeleke ujumbe. Mwambie, "Nilikuona ukitazama kioo," kisha mwache aseme. Akisema, "Nilimwona, nikafunga, nilitaka kushinda," huyo ni dereva na amekuambia ukweli. Mshike mkono aende sebuleni akamwambie Kifaranga maneno hayo hayo, na hata wakifungiwa wote wawili mtakula meza moja. Akikukazia macho akasema hakutazama kioo chochote, Jumamosi nenda kaseme uliyoyaona vile vile, lakini ujue utakuwa unatoa ushahidi wa ajali ndogo, na ile kubwa umeiacha nyumbani.