Jiwe Jeusi la Kisima cha Ladislaus

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Wapimaji wa miamba wamefika Mkunya. Mkubwa wao Nurdin, kijana wa adabu. "Shikamoo, Mama Kasiani." Marahaba. Eti zamani, kabla ya binadamu, huku kulikuwa na ziwa. Ziwa! Na sisi tunapanda mlima na ndoo kichwani toka tujue kutembea! Majani na samaki wakaozea kwenye tope, tope likawa jiwe jeusi, ndani yake mna mafuta na gesi. Analitafuta.

Mimi nalijua. Marehemu mume wangu Ladislaus alilikuta kisimani kule bondeni. Nikawaambia mbele ya watu, kifua mbele. Darasa langu la nne limewashinda wote.

Jumatano, 4 Septemba
Tumeshuka bondeni. Kisima kimefunikwa magogo toka mwaka 1987. Nurdin kaokota jiwe pembeni, kalivunja, kalinusa, kaliwashia kiberiti. Linawaka! Linanuka mafuta ya taa. Mwanangu Kasiani katoa macho kama kapewa cheo. Nurdin kasema la juu limechakaa kwa jua, la chini ndilo litakalosema kama mali ipo. Huenda ni kidogo tu — hilo Kasiani hakulisikia.

Nikawaeleza kwa nini kilifunikwa. Ladislaus hashuki kisimani mpaka ashushe kuku kwanza, ndani ya kikapu. Siku ile kuku alipanda shingo imelegea. Hana hata jeraha. Akakifunika siku hiyohiyo.

Kasiani: "Mama na kuku wake!" Dorika mkewe naye kacheka. Nurdin hakucheka. Mtu asishuke, kasema, hewa ya chini huenda inaua. Jumatatu analeta kifaa cha kupima hewa.

Ijumaa, 6 Septemba
Kutwa Kasiani wimbo mmoja: akiwapelekea wapimaji jiwe la chini kabla ya Jumatatu watamwajiri. Kanichosha. Naokota korosho, mgongo unawaka, mdomo ukanitangulia. Baba yako alichimba visima kumi na moja, nikamwambia. Wewe maneno tu! Ngazi tu ya tenki la maji inakutetemesha.

Dorika kanikata jicho. Akate! Nimesema kweli.

Jioni nimekamata tetea mweusi, nimemfunga jikoni. Kama lazima ushuke, nikamwambia Kasiani, huyu atangulie. Kajibu, sawa Mama. Hakuniangalia.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimeamka, Kasiani hayupo. Kamba haipo. Nyundo haipo. Dorika kakimbilia bondeni, kandambili moja kaiacha mlangoni. Jirani Mohamedi kaondoka na pikipiki kumfuata Nurdin Newala mjini. Goti langu haliwezi ule mteremko. Miaka yote nauteremka, leo haliwezi!

Nimekaa kizingitini. Naandika, macho njiani. Jua limeshapita mkorosho wa kwanza, limefika wa pili. Njia nyeupe. Hakuna anayepanda.

Jana ningesema hata neno jingine. Lolote.

Kuku yumo jikoni. Mzima. Anapekua majivu, kamba mguuni, kama nilivyomfunga.