Mary wa Nne

Jumatatu, 2 Machi 1868

Nimeanza kazi kwa Bi Ormerod. Kaniuliza jina. Kezia Thwaite, bi mkubwa. Akakunja pua. Eti hapa kila mtumishi wa ndani huitwa Mary — wa kwanza alikuwa Mary, na yeye hana nguvu za kukariri majina mapya kila mwaka. Mimi ni wa nne. Nikajibu ndiyo, bi mkubwa. Ndiyo! Jina la marehemu bibi yangu, nimelitoa hivihivi. Nimezoa majivu ya meko huku nalia.

Jumatano, 11 Machi

Kaita Mary, Mary. Sikugeuka. Nimeitwa kiziwi.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimeitika kabla hajamaliza kuita. Kanisifu, eti naanza kuwa mtu. Mtu gani?

Jumamosi, 21 Machi

Ole wangu! Mpishi wetu Bi Pugh, mgeni wa juzi tu, alikuwa anakanda unga huku anacheka na kunihadithia. Asubuhi mzee mmoja kaja mlango wa nyuma akichechemea, anamtaka mwanawe Kezia, mama mtu mgonjwa sana. Bi Pugh kamwambia hapa hakuna Kezia, ajaribu kwa majirani. Mzee kazunguka mtaa mzima na mvua ile, kisha kaenda zake.

"Huyo baba yangu!"

"Maskini mwanangu! Sasa mbona hukuniambia jina lako?"

Kweli, mbona? Baba yuko chini ananitafuta, mimi juu natandika vitanda vya watu. Nimechukia. Najichukia mimi.

Jumapili, 22 Machi

Jumapili ya Akina Mama, watumishi wote twaruhusiwa kwenda kwetu. Bi Pugh kanipa keki ya kumpelekea mama. Nimekimbia karibu njia nzima. Mlango umefungwa. Nikabisha. Sauti ya mama, dhaifu — nani?

"Mary, bi mkubwa."

Ulimi wangu mwenyewe! Mlangoni kwetu!

Kisha nikamsikia: "Mwambieni aje siku nyingine. Leo namngoja Kezia."

Baba kanifungulia. Nikapiga magoti kando ya kitanda — ni mimi, mama, ni mimi. Mama kaitazama kofia yangu nyeupe ya kazi.

"Umetumwa na nani, binti?"

Kofia nimeitupa huko. Anapumua kwa shida. Baba ananong'ona, mwambie tena, mtajie jina. Nimemtajia, nimemtajia tena, hata sauti imenikauka. Naandika hapa hapa kando yake, mkono wake kwenye paja langu. Ananishukuru kwa kumshika. Lakini macho yake yako mlangoni —