Kibodi ya Elinipa

Jumapili, 6 Julai 2025

Kibodi imekamilika. Vitufe kumi na viwili tu, vimepangwa kufuata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Ndivyo vilivyobaki kumtii. Mke wangu hajasema neno tangu ajali ya Aprili. Shingo iliumia, kooni kuna bomba la kupumulia. Akili iko sawasawa. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Herufi zote haziwezi kuenea kwenye vitufe kumi na viwili, kwa hiyo nimezigawa kwa matabaka. La kwanza lina A, I, U, N, K, M na nyingine za kila siku. Kitufe cha pembeni kinaita tabaka la pili. Ila Eli hawezi kushikilia kitufe huku anabonyeza kingine. Basi nimeiandika programu ya ndani ishikilie badala yake: anabonyeza, anaachia, kitufe kinabaki kimenata mpaka herufi inayofuata. Shifti, ya herufi kubwa, vilevile.

Mama mkwe ameshuka kutoka Olmotonyi, kaja na ndizi. Alikaa akinitazama nikiunga nyaya. Akasema hajaona mume wa namna yangu. Nikasema asante, Mama.

Jumanne, 8 Julai

Jaribio la kwanza — vibaya. Kunata kunakwisha baada ya sekunde moja, na yeye anahitaji nne kusogeza kidole. Tabaka linarudi juu kabla hajafika. Anatoka jasho, na baridi yote hii ya Sekei.

Nikaongeza muda uwe sekunde sita, nikaiflashi, yaani nikaiingizia programu upya. Kwenye tableti niliyoiunga na kibodi ikatokea: maji. Nikamlowanisha midomo. Kisha: Mama. Na M kubwa! Shifti imenata.

Mama mkwe alilia. Na mimi.

Jumatano, 9 Julai

Leo ameandika: simu. Nikadhani anataka kusikia sauti za ndugu zake, nikamletea simu yake. Akafumba mara mbili. Akaanza upya. Ilichukua dakika nzima.

simu yako

Nikasema anahitaji kupumzika, nikazima tableti.

Niandike hapa basi, mara moja tu. Wote nimewaambia lori lilihamia upande wetu, pale mbele ya Kisongo. Polisi, shemeji Solomoni, mchungaji. Lori lilikuwa upande wake halali; sisi ndio tuliohama. Mimi nilikuwa naendesha huku nasoma meseji. Si hata ya maana — mteja anaulizia printa yake. Eli alisema, "Godwin, mbele." Baada ya hapo hakusema tena.

Hospitalini askari alimuuliza kama lori ndilo lililohama. Akafumba mara mbili. Nikamwambia askari dawa zimemlevya. Akaandika hivyo.

Dereva wa lori anaitwa Lesikar. Yuko mahabusu tangu Aprili.

Ijumaa, 11 Julai

Solomoni amekuja, kafurahi kweli. Amewaambia polisi dada yake sasa anaweza kuandika. Jumatatu atakuja askari kuchukua maelezo yake.

"Huyo dereva sasa atakoma," alisema, kamshika Eli mkono. Akaongeza kwamba mke wa dereva hashindi nyumbani, kila siku yuko kule mahabusu na kontena la chakula, anamlilia kila anayepita. Alisema kwa dharau.

Eli hakumwangalia kaka yake. Aliniangalia mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimebadilisha namba moja. Muda wa kunata, kutoka milisekunde elfu sita hadi mia tatu, haifiki nusu sekunde. Sijaharibu kitu. Namba moja.

Alijaribu karibu saa nzima. Herufi za ovyo: kmna, aiu, nnk. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba labda kichwa nacho kiliguswa, tumezoea kusema hakikuguswa. Sikumbishia.

Mwishowe Eli aliacha. Akafumba macho. Si mara moja, si mara mbili. Aliyafumba tu.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Mlima umefunikwa na mawingu kutwa. Nilimgeuza ubavu, nikamsafisha bomba, nikamchana nywele. Hakunitazama.

Jumatatu, 14 Julai

Askari ni mwanamke, mpole. Kakubali chai. Kaweka daftari magotini, akamwambia Eli asiwe na haraka, hata ikibidi kushinda hapa.

Eli akaanza. Zikatoka za ovyo. Akafuta. Zikatoka zilezile. Mama mkwe akainama. Solomoni hakuinama.

"Shemeji, Jumanne Mama alinipigia, analia, akasema dada ameandika neno Mama. Kuna nini hapa? Irekebishe."

Nikasema inataka kuunganishwa kwa waya na kompyuta yangu, waya uko stoo.

Ndiko niliko. Kompyuta nimeiweka juu ya debe la mahindi, mstari wenyewe wa programu uko mbele yangu. Mia tatu. Kuandika elfu sita na kuiflashi haifiki dakika. Kutoka na kusema imekufa ni rahisi zaidi. Vitu vya kuunga kwa mkono hufa. Nani atabisha? Askari atakunja daftari, atasema pole.

Toka huku nasikia vitufe. Anabonyeza, kimya, anabonyeza. Hajaacha. Anajua kwamba haviandiki kitu na hajaacha.

Solomoni anagonga mlango. Anauliza kama waya umeonekana.

Ninao mkononi.