Kwenye Daftari Langu Hakuna Unga

Mandawa, Ruangwa

Kaka Ramadhani,

Asalaam aleikum. Natumaini hujambo, na lile goti lako limekupa nafuu sasa baridi ya Kondoa imepungua. Wifi yangu hajambo? Na ule mlango wa duka mliosema mtaubadilisha, mmeubadilisha au bado mnaufunga kwa kamba? Huku sote wazima. Bakari mzima, wanangu wawili wazima, mama mkwe kikohozi kilimshika wiki mbili lakini sasa anazunguka shambani kama kawaida yake. Na tumekula, kaka. Hilo nakuambia mapema kabisa, kwa sababu nimesikia kwamba huko nyumbani ndilo swali kubwa: Mariamu na wanawe wanakula nini huko Kusini.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikisema moja wewe umeshasema kumi, halafu bando linakwisha, unabaki unajiona umeshinda. Karatasi huwezi kuikatisha maneno. Isome mpaka mwisho. Ukimaliza, waite wale wale waliokaa kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binti yako Zuhura, uwasomee kwa sauti ile ile uliyowasomea daftari langu.

Usijifanye hukumbuki. Mwezi wa nane ulinitumia ujumbe kwamba kamati imenipangia laki tatu. Imenipangia! Hakuna aliyeniuliza. Mliandika tu, "Mwalimu Mariamu, laki tatu," kwa kuwa mwalimu ana mshahara na mshahara hauna mwenyewe. Nikakujibu kwa adabu, nikasema kaka, mnisubiri korosho ziuzwe, mwezi huu nimebanwa. Ukasema mimi kila siku nimebanwa. Basi ili unielewe nikapiga picha kurasa za daftari langu la matumizi, nikakutumia. Nilianza kuliandika tangu Januari, kila shilingi inayotoka ndani ya nyumba hii. Mimi nafundisha hesabu darasa la sita, niliona aibu kuwafundisha watoto wa watu kujumlisha na huku mwenyewe sijui mshahara wangu unaishia wapi.

Nilikutumia wewe, kaka. Wewe peke yako. Sikukutumia kamati.

Yaliyotokea kwenye kikao nayajua yote, na aliyeniambia ni Zuhura mwenyewe, maana alikuwa anawagawia chai. Amenisimulia ulivyovaa miwani ukaanza kusoma kwenye simu, "Sabuni. Chumvi. Dagaa. Sabuni tena. Kukodi mashine ya kupulizia mikorosho. Petroli ya mashine. Chumvi." Halafu ukarudi juu, ukashuka tena chini, ukasema, "Jamani, mbona unga hakuna? Mchele hakuna. Maharage hakuna. Mwezi wa kwanza mpaka wa nane, mtu hajanunua hata kilo moja ya unga!" Zuhura anasema kuna waliocheka. Halafu bibi yetu, yule dada yake babu, akaanza kulia, akasema mjukuu wake amekwenda kuolewa njaani. Kicheko kikakatika, kila mtu akatingisha kichwa. Mkapitisha palepale kwamba Mariamu atolewe kwenye orodha ya michango, aonewe huruma. Na kwa kuwa hachangii, asisumbuliwe na safari. Kiti cha shangazi, anayemtoa bibi harusi chumbani, akikalie Mwajuma, binti wa baba mdogo, yeye ana uwezo na duka lake la vifaa vya ujenzi.

Kesho yake simu yangu ikalia. Elfu thelathini, na ujumbe wako, "Nunua unga. Usimwambie mumeo."

Unajua nilikuwa wapi, kaka? Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mahindi. Wallahi. Stoo kwetu hapakuwa na pa kukaa pengine. Mahindi magunia tisa, mihogo mikavu, mbaazi, kunde, na mpunga kidogo wa kule bondeni. Unga hatununui kwa sababu tunalima! Wewe unakaa mjini, unanunua kila kitu mpaka mchicha, ndiyo maana ukiona karatasi haina unga unadhani watu wanakufa. Mimi naandika kinachonunuliwa. Cha shambani nikiandikie bei gani, na nimlipe nani?

Na hata hapo ungesoma vizuri ungeelewa, lakini ulikuwa na haraka ya kunihurumia. Ukurasa wa pili, kila baada ya wiki mbili, nimeandika "kusaga." Hela ya mashine ya kusaga. Ipo pale, kwa kalamu ya bluu. Ulidhani tunasaga nini, kaka? Mchanga?

Ile elfu thelathini nilikurudishia siku hiyohiyo, makato nikalipa mimi, na makato nayo nimeyaandika kwenye daftari.

Lakini ujumbe wako Bakari aliuona. Simu ilikuwa mkekani, yeye ndiye aliyekuwa karibu. Ungekuwa hapa ungemwona. Hakufoka. Bakari si mtu wa kufoka. Aliisoma, akaniwekea simu mkononi, akasema, "Kumbe kwenu wanajua sikulishi." Akachukua panga akaenda kusafisha chini ya mikorosho, na jua lilikuwa kali saa ile, hakuna mtu aliyekuwa shambani. Mimi nililia. Si kwa njaa, nililia kwa hasira, maana mume huyu tangu anioe hajaniuliza hata siku moja mshahara wangu nimepeleka wapi. Hajauliza! Na mimi ndiye niliyepiga ile picha. Kosa hilo ni langu, na nimeshamwomba radhi. Bado wewe.

Mama mkwe nilipomweleza alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. Yeye Kiswahili ni cha kuokoteza, Kimwera ndiyo lugha yake, lakini alinielewa upesi kuliko kamati yako nzima. Akalichukua daftari, akaligeuzageuza ingawa kusoma hajui, akaniuliza nimeanza kuandika lini. Nikamwambia Januari. Akasema, "Mwalimu, huo mwaka wa kalenda, wa ukutani. Mwaka wa hapa unaanza korosho ikianguka." Miaka saba nimeishi huku Kusini, nimeanzia Nachingwea mjini nikahamia huku, na hilo sikuwahi kulifikiri. Mimi nahesabu mwezi kwa mwezi kama mtu wa mshahara, lakini nyumba hii hela yake kubwa inaingia mara moja, korosho zikipita mnadani. Hela ya ufuta inaingia katikati, nayo inarudi yote kwenye vibarua na dawa ya mikorosho. Kwa hiyo mtu akilifungua daftari langu mwezi wa nane anaona hela inatoka tu, inatoka tu, kuingia haingii. Mwezi wa nane hapa kila nyumba iko hivyo. Hakuna anayelia.

Basi nikavumilia. Korosho zikaanguka, tukaokota na watoto, tukapeleka ghalani, mnada ukapita, hela ikaingia. Hapo ndipo nikakaa chini nikafunga mwaka, kuanzia korosho zile mpaka korosho hizi, na miezi ya kabla ya Januari nikaijaza kwa risiti na ujumbe wa simu. Nilijumlisha mara tatu. Mara ya nne nikampa Bakari ajumlishe yeye, nisije nikaambiwa macho yangu yana chuki.

Kaka, unajua ni kitu gani kimekula hela nyingi kuliko vyote kwenye nyumba yangu? Si chakula. Si mashine wala petroli. Ni ninyi.

Michango. Harusi, sendofu, kitchen party, sendofu nyingine. Mwaka mmoja nimechangia mara kumi na moja! Nimelipia sherehe ya mtoto wa shemeji yake Mwajuma, mtu ambaye hata picha yake sijaiona, na kadi sikuletewa. Ukichukua sare za wanangu wote wawili, viatu, madaftari, na matibabu ya mama mkwe, ukaviweka pamoja, havifiki michango ya ukoo wetu. Na ukoo huohuo ndio ulioketi ukanililia mimi kwamba sina unga. Jamani! Nilicheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Sasa sikiliza vizuri. Laki tatu silipi, hata mkinirudisha kwenye orodha. Hapana. Si kwa sababu sina, hela ipo, korosho mwaka huu zimetupa. Silipi kwa sababu ile laki tatu ni ya ukumbi, mapambo na mtu wa muziki, na asubuhi yake Zuhura hana chochote cha kushika mkononi. Binti amesomea ushonaji miaka miwili na hana cherehani. Hamkuliona hilo kwenye kikao? Mimi nimekwenda Nachingwea sokoni na Bakari, tumenunua cherehani ya miguu, kichwa cheusi, imetulia. Fundi ameijaribu mbele yetu. Nimeiandika kwenye daftari, ukurasa mpya, "Zuhura," na mbele yake sikuandika mchango. Nimeandika mtoto.

Na kuanzia sasa ahadi za kupangiwa sizijui. Mtu wa kwetu akioa au akiolewa nitampa ninachotaka mimi, mkononi mwake. Mkinitoa kwenye kundi la simu nitolewe, bando litadumu. Najua utasema Mariamu amekuwa na kiburi tangu aende Kusini. Ndiyo, ninacho, na wala sikuombei msamaha kwa hilo.

Usidhani nina ugomvi na Mwajuma. Mwajuma hana kosa, ameitwa akaitika. Lakini wewe unajua, kaka, na wifi anajua kuliko wewe. Wifi alipolazwa Dodoma miezi minne, Zuhura hajatimiza hata mwaka, nani alikaa na mtoto? Nilikuwa kidato cha tatu. Natoka shule namfunga mgongoni, naandika hesabu nimesimama kwenye dirisha la jikoni maana nikikaa analia. Alianza kutembea akitoka mikononi mwangu kwenda kwenye mguu wa meza. Hilo halikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote, na sikutaka liandikwe. Ila leo naambiwa kiti changu kina bei, na mwenye duka ameweza kukilipia. Limeniuma, Ramadhani. Limeniuma kuliko lile la unga.

Shule tunafunga wiki ijayo. Tiketi nimeshakata, mbili, maana Bakari anakuja pamoja nami, umwangalie mwenyewe uone kama anafanana na mtu anayeshindwa kulisha mke. Cherehani itakaa kwenye buti la basi. Nilitaka nije na kiroba cha unga pia nikiweke katikati ya kamati, Bakari akanikataza, akasema si vizuri kumfedhehesha shemeji yake kwenye harusi ya mwanawe. Umemsikia? Ndiye huyo uliyeniambia nisimwambie. Nakuomba akifika umpokee wewe mwenyewe stendi, usitume mtu, na lile neno ulimalize naye kiume.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie dawa ya miguu aliyoniagiza mama mkwe ameshaichimba, naileta. Nisalimie bibi, umwambie asilie tena, nimenenepa, atashindwa kunikumbatia. Msalimie baba mdogo na watu wa nyumbani kwake. Msalimie na mwenyekiti wa kamati, mwambie namshukuru kwa huruma yake, imetosha.

Wanangu wanakuamkia, mjomba wao, shikamoo. Mama mkwe anakusalimu, anauliza huko kwenu korosho zinaanguka mwezi gani. Nimemwambia hamna korosho. Amekusikitikia.

Lingine sikutaka kuliandika, ila Bakari amesema niandike. Jana Zuhura alinipigia. Alinong'ona, nadhani mlikuwa sebuleni. Aliniuliza, "Shangazi, ni kweli huji?" Nikashindwa kumjibu, akadhani mtandao umekatika, akakata. Sijampigia tena. Wewe ndiye umpe jibu, leo hii, kabla hujaikunja barua hii. Mwambie nakuja. Siku ya harusi nitaingia chumbani kwake mapema, kabla hajavaa, nitafunga mlango kwa ndani, na sitatoka mpaka nitoke naye nimemshika mkono. Mwajuma akitaka kukaa kwenye kiti akae. Kitakuwa wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Mariamu,
shangazi yake Zuhura